Ruloti Juu ya Mpaka

"Hapa hapana," alisema Mathe, akiwa amelala kifudifudi chini ya ruloti, shavu lake nusura liguse tope. "Vidole kumi na mbili upande wa bonde. Nikipanga mbao mpaka pale, itasimama kama mulevi juu ya meza."

Akatambaa kinyumenyume, akatoka, akajipangusa magoti. Ruloti yenyewe ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu mawili, yenye kitanda, jiko la gazi na dirisha lenye pazia la maua. Lori la kampuni ya barabara lilikuwa limeivuta kutoka Beni asubuhi ile, na sasa ilikuwa imeinama ubavuni mwa mlima, hapa tunapotoka Butembo kwenda Beni, na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walikuwa wanasimama kuitazama. Mlima huu wetu haujampa mtu mahali pa kuweka hata sufuria bila kwanza kugombana naye.

Mwenye ruloti alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, mfuko mdogo wa baridi mapajani. Aliitwa Omer, injeniya kutoka Kasai, ametangulia mashine ili apime barabara. Mtu mnene, mpole, mwenye jasho. Ndani ya mfuko mlikuwa na sindano zake za ugonjwa wa sukari, na barafu aliyopewa Beni ilikuwa imekwisha kuwa maji. Frigo ya ruloti ilikuwa ya gazi, haina mota. Alieleza kwamba ile dawa inayoleta baridi inateremka yenyewe ndani ya mabomba, kama maji ya mlima yanavyoteremka, na nyumba ikiinama haiteremki tena, na frigo inageuka kabati.

"Donc, fundi," alisema, "nyumba ikilala mubaya, dawa yangu inakufa. Na dawa ikikufa, na miye."

Alisema akicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mathe ndiye aliyeitwa kwa sababu katika upande wetu wa Butembo, ukitaka kitu kikae sawa, unamwita Mathe. Misingi ya nyumba, matangi ya maji, hata altare ya kanisa letu la mtaa. Alikuwa na kinivo, kile kipimo cha usawa cha mbao chenye tone la maji ndani, lakini hakukiamini sana. Alichoamini ni tiyo, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, anaujaza maji, ncha moja huku, ncha nyingine kule, na maji yanapanda yanasimama usawa mmoja pande zote mbili, upende usipende. Maji haina ndugu, alikuwa anasema. Watu walimcheka kwa hilo, lakini nyumba zao hazikupasuka.

Aliyemwita siku ile alikuwa Ésaïe. Hapo ndipo hadithi ilipo, kwa hiyo acheni niwaeleze Ésaïe ni nani.

Ésaïe alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Kwa miaka kumi na mmoja alipanda mpaka Eringeti kununua mbao ngumu za libuyu, na kila alipofika Eringeti alilala kwa Mathe, kwa maana Mathe ni mtu wa kule. Alilala ndani ya nyumba, kitanda cha pili, na maji ya moto ya kuoga. Kavuo, mke wa Mathe, alijua kwamba Ésaïe anaumwa tumbo akila mawese mengi, akawa anampikia sombe yake, majani ya muhogo, katika sufuria ndogo pembeni. Ndugu wa tumbo moja wako wangapi wanaofanyiwa hivyo? Kisha vita vikafika Eringeti, na watu wakatembea kwa miguu kushuka kusini. Mathe na Kavuo walipofika Butembo hawakuuliza njia ya shule iliyopokea wakimbizi. Waliuliza kwa Ésaïe ni wapi.

Na Ésaïe, tuseme kweli, siku zile alifanya utu. Aliwakatia kipande kando ya barabara, urefu wa nyumba mbili, upana wa moja, na tena hakuazima, alitoa. Alitoa mbele ya Muzee Ananie, ambaye ndiye anayeshika mipaka ya mlima huu, kwa kuku mmoja na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Wakapanda miti mitano ya mpaka, ile yenye majani marefu membamba, isiyokufa hata ukiichomeka kichwa chini.

Kwetu mpaka hupandwa kwa mikono minne. Mtoaji na mpokeaji wanashika mche mmoja pamoja, wanautia shimoni pamoja, na mkubwa anatazama. Karatasi hakuna, karatasi ndiyo ile miti. Na kung'oa ni vilevile: mikono minne, na macho ya mkubwa. Anayeng'oa mpaka peke yake, wote hapa wanajua maana yake. Ni kama amesema kwa mikono yake mwenyewe kwamba alichopewa anakirudisha. Mtoto wa miaka saba anajua hilo. Mathe alilijua kuliko mtoto wa miaka saba, na ndiyo maana mpaka leo mimi nikilifikiri nashikwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Sasa siku ile. Kampuni ilikuwa imemuuliza Ésaïe kama ana mahali pa tambarare, naye alikuwa amejibu kwamba kwake ni tambarare, jambo ambalo kila mwenye macho aliona kuwa ni uongo. Mathe alizunguka na tiyo yake, akapima huku, akapima kule. Kisha akasimama akanyoosha mkono. Jicho la fundi linakimbia mbele ya akili yake.

"Pale," alisema. "Pale ni vidole vitatu tu. Lakini pale kuna miti yetu."

Palikuwa katikati kabisa. Nusu ua wa Mathe, nusu majani ya Ésaïe, na miti mitano imesimama kati yao kama watu wanaongojea misa ianze. Ilikuwa Jumanne. Muzee Ananie alikuwa amekwenda kwenye matanga Lubero, na angerudi Jumamosi.

Kavuo alikuwa amesimama na mbao kichwani. Alimwambia mumewe kwa Kinande kwamba Jumamosi si mbali, wangoje. Alimwambia mara mbili. Mathe akamtazama Omer, ambaye sasa alikuwa ameukumbatia ule mfuko tumboni, na midomo yake imekuwa mikavu. Ndipo Ésaïe akamsogelea Mathe karibu, akasema polepole, na yeye kwa Kinande, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa, maneno ambayo Kavuo alinieleza baadaye, na kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

"Ng'oa tu, yaya. Samedi Muzee anarudi, tutapanda tena siye wawili. Shahidi wako si niko hapa?"

Mathe akaweka tiyo chini, akachukua jembe.

Aling'oa yote mitano. Ésaïe alimwonyesha kwa kidole, huu kwanza, sasa ule, na mkono wake mwingine ulikuwa na simu. Mathe aliizungushia mizizi majani ya ndizi yenye maji, akailaza kivulini nyuma ya nyumba ya Ésaïe, kama unavyomlaza mgonjwa. Halafu akaanza kazi yenyewe, na kusawazisha maana yake ni nini? Kuchimba juu, kujaza chini. Alichimba upande wa mlima, akatupa udongo upande wa bonde, akashindilia kwa gogo, akamwaga maji, akashindilia tena. Saa tisa ya mchana mashimo ya ile miti hayakuonekana, na hata kile kimfereji kidogo kilichokuwa kinapita kati ya nyumba mbili kilikuwa kimefukiwa.

Lori likarudi nyuma kidogokidogo na kuisukuma ruloti mahali pake. Kazi ya ruloti ina taratibu zake, na Mathe, ambaye hakuwahi kuigusa ruloti kabla ya siku ile, alizielewa kwa kuitazama tu. Kwanza ubavu kwa ubavu: gurudumu la bondeni linapanda juu ya mbao mpaka maji ya tiyo yakubali. Kisha unatia kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote, ndipo unaitenga na lori. Kisha mbele na nyuma, kwa kuzungusha ule mguu wa jeki ulio kwenye shingo yake. Mwisho kabisa unateremsha miguu minne ya pembeni mpaka iguse udongo. Alimwonya Omer kuhusu miguu ile: ni ya kuzuia nyumba isitikisike, si ya kubeba. Ukiifanya ibebe, itapinda. Na udongo wa kujaza utazama mvua ikija, alisema, kwa hiyo atakuwa anapita kuangalia.

Omer aliwasha gazi, akaingiza sindano zake, akaketi mlangoni. Kesho yake asubuhi alimwita Mathe aingize mkono ndani ya frigo, na Mathe akautoa haraka kwa baridi, na wote wawili wakacheka. Injeniya alimwambia kwamba tangu aondoke Kananga hakuwa amelala usiku mmoja kichwa kikiwa juu ya miguu.

Jumamosi ikafika. Muzee Ananie hakurudi, matanga yalikuwa yamerefuka, na Ésaïe akasema wangoje. Ananie alirudi Jumatatu akiwa na kikohozi, na Ésaïe akasema, mzee anaumwa, tusimsumbue. Jumamosi ya pili Ésaïe alikuwa amekwenda Beni. Kavuo alikwenda nyuma ya nyumba ya Ésaïe kumwagilia ile miti, akakuta majani ya ndizi tu, makavu. Alimuuliza mke wa Ésaïe, naye akajibu kwamba labda mbuzi. Kavuo akarudi nyumbani, akamwambia Mathe.

"Mbuzi hailake mizizi, Baba Séphora," alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

Mathe alimwambia asiwaze mabaya. Alisema mtu aliyelala kwako miaka kumi na mmoja huwezi kumhesabia miti mitano. Alisema tena kwamba miche mingine ipo kila mahali, wataikata. Nadhani alikuwa anajisemea yeye.

Omer ndiye aliyemwambia, na hakujua kwamba anamwambia. Ilikuwa wiki ya tano. Mathe alikuwa amepita kuangalia gurudumu, na injeniya akampa chai, akamweleza kwa furaha kwamba sasa hatakuwa peke yake, kampuni italeta ruloti nyingine sita na jenereta, na kambi itakaa hapo miaka minne. Mkataba umetiwa sahihi Beni. Parcelle yote, yaani kiwanja chote cha Papa Ésaïe, kutoka barabara mpaka kwenye mikaratusi.

Mathe akauliza, kutoka barabara wapi.

"Mais, hapa," alisema Omer, akaonyesha kwa kijiko. "Papa Ésaïe alisema ile nyumba ya mbao ni ya mutumishi wake. Alisema mutahama." Kisha akamwona Mathe uso, akaweka kijiko chini. "Fundi. Si ni weye unakaa mule?"

Mathe alimaliza chai yake. Aliniambia baadaye kwamba aliimaliza kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini.

Shauri lilisikilizwa kwa Muzee Ananie, katika kyaghanda, ile nyumba wanamokaa wanaume kuamua mambo. Ananie alikuwa amevaa koti lake la sufi, kikohozi bado kinamtikisa. Si mtu mbaya Ananie, lakini ni mtu wa kanuni, na kanuni anazishika kama kipofu anavyoshika fimbo. Hakuuliza nani alimkaribisha nani Eringeti. Aliuliza miti iko wapi.

Ésaïe alisema hajui. Alisema alipoacha simu aliona jirani yake amekwisha kung'oa na kusawazisha, akafikiri moyoni mwake kwamba yaya Mathe sasa anataka kwenda kwa mtoto wake Séphora, aliyeolewa Mulekera, kule Beni, na kwamba amerudisha kipande kwa amani. Alisema hayo akitazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vipya.

Kavuo akasimama akasema alisikia kila neno. Wakamwambia akae. Ushahidi wa mke hauhesabiwi, anakula sufuria moja na mume. Wakamwita Omer, ambaye alikuwa amekuja kwa hiari yake, amevaa tai kabisa. Injeniya alisema kweli tupu: aliona fundi anang'oa, alisikia watu wawili wanasemezana karibu, lakini ilikuwa Kinande, na yeye Kinande hasikii hata neno moja. Aliomba msamaha kwa kutosikia. Ndiye peke yake aliyeomba msamaha siku ile.

Basi Ananie akamgeukia Mathe.

"Nani aling'oa?"

"Ni miye."

"Mikono ya Ésaïe iligusa? Hata muti moja?"

Hapo palikuwa na neno moja dogo tu, na kila aliyekuwa ndani alilijua. Angesema ndiyo, iligusa, lingekuwa neno lake dhidi ya neno la Ésaïe, na Ananie angelazimika kuamuru miti ipandwe upya. Kanuni ni hiyo. Mimi ningesema. Sioni haya, ningesema iligusa yote mitano, na ningeongeza wa sita. Kavuo alikuwa amefunga macho.

Nafikiri Mathe alikuwa anaiona tena ile siku, jembe, kidole, simu, na ni pale tu, mbele ya watu, ndipo alipotambua kwamba Ésaïe hakusahau kusaidia. Alijizuia asiguse. Tangu asubuhi ile Ésaïe alijua.

"Haikugusa," alisema Mathe. Kisha akageuka. "Ésaïe, unitazame. Miaka kumi na moja ulikuwa unalalaka kwangu. Mama Séphora alikuwa anakupikiaka sufuria yako. Ulisema shahidi ni weye. Sema basi. Shahidi, sema."

Ésaïe akainua macho kidogo, yakafika kifuani kwa Mathe, yakarudi chini.

"Nilikuwa ku telefone, yaya," alisema. "Sikuone."

Fadhila za punda ni mateke, tunasema, lakini punda angalau hakuiti yaya.

Ananie aliamua alivyoamua. Aliyeng'oa peke yake amerudisha. Ila maharagi yaliyo ardhini ni ya aliyeyapanda, kwa hiyo Mathe na mke wake wakae mpaka yakauke, wayavune, ndipo waende. Alipomaliza alikohoa sana, na alipotoka nje alimshika Mathe mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia. Mathe alimwambia, kwa heshima, kwamba angemngojea tu Jumamosi ile. Kosa hilo ni langu, Tata, alisema.

Majuma matatu maharagi yalichukua kukauka. Ni vibaya kuishi majuma matatu mahali ambapo umekwisha kufukuzwa. Kavuo alipalilia shamba kama mtu atakayelilima mwaka ujao, na sisi tuliopita tulishindwa kumsalimia vizuri. Ésaïe alikuwa anatoka alfajiri na kurudi kwa njia ya juu, ile ya mikaratusi, asipite mbele ya mlango wao. Mke wake alituma mtoto na bakuli la unga. Kavuo aliliosha bakuli, akalirudisha na unga wake ndani.

Mathe alibomoa nyumba yake mwenyewe. Alianza na paa, akashuka kwenye kuta, akang'oa misumari mmoja mmoja na kuinyoosha juu ya jiwe, kwa maana mbao ni mbao, zingejenga tena Mulekera nyuma ya nyumba ya Séphora. Siku tatu za mwisho mvua ilinyesha usiku, wakalala kwetu. Asubuhi ya Alhamisi walipakia kila kitu juu ya chukudu moja kubwa: mbao, masufuria, gunia la maharagi, jembe. Wangeshuka nayo mpaka kwenye maegesho ya malori. Kavuo alishika kamba nyuma ili isikimbie kwenye mteremko.

Ilibidi wapite mbele ya ruloti. Njia ni ile moja.

Ilikuwa imeinama. Udongo wa kujaza ulikuwa umekunywa zile mvua na kuzama, kama Mathe alivyosema utazama, na gurudumu la bondeni lilikuwa limekalia tope tupu, mbao za mkaratusi chini yake zimemezwa. Mtu alikuwa amejaribu kuinyanyua kwa miguu ya pembeni, na mmoja ulikuwa umepinda kama goti. Mlango ulikuwa haukai umefungwa wala haukai wazi, unajipigapiga peke yake. Omer alikuwa ameketi tena juu ya lile jiwe, na mfuko wa baridi mapajani. Ésaïe alikuwa chini, anachungulia gurudumu, suruali imeloa mpaka magotini.

Omer aliinuka alipowaona. Hakuomba.

"Frigo ilikufa tangu jana," alisema. "Lori la kwenda Beni kutafuta barafu limekwama. Fundi, miye sikujua. Nakuapia, sikujua."

"Usisimame," Kavuo alisema kutoka nyuma. "Baba Séphora, usisimame. Tenda wema uende zako, ulishatenda. Sasa twende zetu."

Na Mathe akaenda. Alisukuma chukudu hatua thelathini, labda arobaini, mpaka pale barabara inapokata kona. Hakugeuka. Ésaïe akasema kwa sauti ndogo, "Yaya, unionyeshe tu niweke nini," na Mathe akaendelea kusukuma. Nilifurahi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, na nakiri mbele ya Mungu kwamba nilifurahi.

Kisha chukudu ikasimama. Mathe akatia jiwe chini ya gurudumu, akabaki ameinamia mishikio, mgongo wake unapanda na kushuka. Nafikiri alikuwa analia, lakini alikuwa ametugeuzia mgongo. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu.

Alirudi na jembe lake, akaokota jeki ya lori iliyoachwa kando ya ruloti. Hakumsalimia Ésaïe, alimpita kama unavyopita kisiki. Alilegeza ile miguu ya pembeni, akaiacha isibebe kitu. Akachimbua chini ya gurudumu, akatoa mbao zilizozama, akashika tope kwa kiganja na kulikamua, akatikisa kichwa. Mbao nyembamba zingezama tena kabla ya Jumapili. Palihitajika ubao mpana, mzito, wa mti mgumu, utakaotandaza uzito. Ésaïe akaleta matofali. Mathe aliyatazama, akayaacha pale alipoyaweka.

Akarudi kwenye chukudu, akaanza kufungua kamba. Kavuo aliona mkono wake unakokwenda, akaikaza kamba.

"Ile hapana," alisema. "Baba Séphora. Chukua ingine yote."

Kilikuwa kizingiti cha mlango wao. Libuyu, mkono mmoja upana, unene wa ngumi. Mathe alikuwa amekikata mwenyewe Eringeti, na walipokimbia Ésaïe ndiye aliyekileta Butembo juu ya lori lake la mwisho, bila kuambiwa, kwa sababu alisema mtu hajengi nyumba mpya bila kitu cha ile ya zamani.

"Ingine haitoshe," alisema Mathe.

Walisimama hivyo, kamba imekaza kati yao. Omer alikuwa anatazama kutoka juu, mfuko kifuani, hajui ni nini wanachobishania, maana walikuwa wanasema Kinande. Kavuo alimtazama yule mtu mnene mwenye midomo mikavu. Akaangalia pembeni, akaiachia kamba.

Kazi haikuchukua hata saa moja. Jeki ikainua, kizingiti kikaingia, jeki ikashusha. Mathe akatandaza tiyo yake, akangoja maji yatulie, akazungusha mguu wa shingo mara mbili, akangoja tena. Mlango wa ruloti ukaacha kujipiga. Ndani, gazi ikawaka kwa sauti yake ndogo. Omer akamshika Mathe bega. Ésaïe alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na matofali yake miguuni, na mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka kidogo, kama mtu anayetaka kuagana.

Mathe akakunja tiyo, akamwaga maji yake majanini. Wakaishika chukudu, yeye mbele na Kavuo nyuma, wakakata kona.

Nilipita pale jioni kwenda kuteka maji. Gurudumu lilikuwa limekaa katikati kabisa ya kizingiti, pale palipokuwa pameng'aa kwa nyayo zao, na tope lilikuwa limeanza kupanda pembeni.